Bia ya ndizi iliyonukia Blue Band

Jumamosi iliyopita nimekunywa bia ambayo mpaka leo Jumatano bado iko kichwani, na sio kwa uzuri wake. Nimejaribu kuiacha nimeshindwa kwa hiyo naandika tu yaishe.

Kwanza niseme nimetoka wapi ili mnielewe. Mi ni Mchaga wa Marangu, Kilimanjaro, nimelelewa na bibi mpaka namaliza darasa la saba, na bibi alikuwa anapika mbege ya kuuza, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndizi zinazochemka mchana kutwa, ulezi unaooteshwa chini ya majani ya mgomba, pipa linalochemka lenyewe usiku bila moto, hivyo vitu sijavisoma mahali, ndo nyumbani kwetu. Nairobi nina mwaka wa sita sasa kwa ajili ya kazi, na huku ndo nikazijua hizi bia za krafti, maana sehemu zinazopika bia yao wenyewe na kuiuza hapohapo zimekuwa nyingi kuliko nilivyozikuta. Nazipenda kwa kweli. Napenda kukaa kaunta nikayaangalia yale matanki ya chuma nyuma ya kioo, napenda kuuliza maswali, na nimesoma sana kuhusu mambo ya chachu kwa sababu nilikuwa nataka kuelewa bibi alikuwa anafanya nini.

Sa Ijumaa jioni jamaa yangu wa ofisini akanitumia picha WhatsApp. Ubao wa pale tunapoendaga, umeandikwa kwa chaki, bia mpya, ndizi mbivu na ulezi juu ya kimea cha shayiri, "heshima kwa pombe ya Kilimanjaro". Akaandika chini, "Kuja ukunywe ya kwenu."

Aisee nilifurahi, na naomba mnielewe furaha yenyewe ilikuwa ya nini. Mbege tangu nakua ni pombe inayodharauliwa. Mtu akipata hela kidogo anahamia Safari au Kili, mbege inabaki ya wazee na ya harusini kidogo na msibani. Watu wa mjini wakiisikia wanakunja uso, wanauliza kama si ile inayofanana na uji. Miaka yote hiyo kwenye hizi sehemu za krafti nimeona majina ya bia za Waingereza, za Wajerumani, za Wamarekani, hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, zimesafirishwa kutoka Ujerumani na Marekani huko, halafu siku moja naona ndizi na ulezi vimeandikwa kwenye ubao uleule, mstari mmoja na stauti, ile bia nyeusi. Usiku ule nilimpigia mama nikamwambia. Akacheka akasema bibi yako angesikia.

Jina la sehemu sitalitaja. Wale vijana wanajitafutia na sina nia ya kumharibia mtu biashara, na ninachotaka kusema hakihitaji jina.

Tulifika saa kumi na moja jioni, mpira umewashwa, watu wamejaa mpaka nje. Tukaagiza pinti mbili, shilingi 550 za Kenya kila moja. Bongo mhudumu angekuuliza ya moto au ya baridi, na swali hilo lina maana kubwa kuliko tunavyolichukulia, ila huku hakuna kuulizwa, ilikuja imepoa kiasi kwamba glasi ilikuwa inatoa moshi. Rangi nzuri, dhahabu iliyofifia, ina ukungu kidogo. Povu jembamba, limeisha kabla sijainua glasi.

Fundo la kwanza sikusikia kitu. Bia ikiwa baridi hivyo ulimi unakufa ganzi, ni kama kulamba barafu, huwezi kuhukumu. Nikaiweka chini nikasubiri. Nilisubiri mpaka jasho la glasi likatiririka lote mezani, dakika kumi na zaidi, jamaa yangu yuko nusu ya ya kwake anashangilia mpira. Nikainua tena, nikanusa kwanza.

Blue Band. Sio kidogo, yaani ile unafungua kopo jipya bwenini asubuhi, unatoa ile karatasi ya juu, harufu inayokupiga ndo hiyohiyo. Nikanywa. Ikapita mdomoni inateleza, imeacha utando juu ya ulimi kama mtu kakupaka mafuta kwa kidole, na utando ule hautoki hata ukinywa maji. Nyuma yake ikaja ndizi, ila ni ndizi ya pipi, ile ya pipi za kutafuna za njano tulizokuwa tunanunua dukani. Ndizi ya kuchemsha hainuki hivyo hata kidogo. Ndizi mbivu ukiichemsha masaa sita, saba, inageuka nyekundu ya udongo, inanukia sukari iliyoungua na moshi wa kuni. Na zile bia za ngano za Bavaria zinanukia ndizi kabisa wakati ndani yake hamna ndizi hata moja, ni chachu tu inaitengeneza ile harufu yenyewe. Kwa hiyo mi hapo sikuweza hata kujua kama ndizi iliingia kweli kwenye lile tanki au tunanusa chachu. Ulezi nao sikuusikia popote. Niliutafuta, nilinywa fundo nne kwa umakini kabisa nikiutafuta, ule ukavu wake wa ganda, ule uchachu, hamna.

Na chungu! Mbege ina uchungu wake jamani. Kuna mti unaitwa msesewe, gome lake linachemshwa na maji yake yanaingia kwenye pombe, ndo hopsi yetu. Bila msesewe mbege ni uji mtamu. Ukizidisha haunyweki, ukipunguza mtu anamaliza bakuli anauliza mbona ya leo ya watoto. Bia niliyokunywa ilikuwa na utamu wa siagi mwanzo mpaka mwisho, hakuna kitu kinachokuja kuukata.

Niwaambie bibi alivyokuwa anafanya, kwa sababu ndo kitu kilichonifanya nishindwe kumaliza ile glasi.

Ndizi zinaiva zenyewe kwanza, zinalundikwa. Zinamenywa, zinachemshwa kwenye pipa tangu asubuhi, zinaachwa siku kadhaa mpaka zichache. Huku pembeni ulezi umeshalowekwa, umeota mikia midogo myeupe, umeanikwa, umesagwa. Siku ya kuchanganya anapika uji wa ule ulezi, wenyewe tunauita mso, anausubiri upoe. Hapo kwenye kupoa ndo nilikuwa nachapwa, maana mi nilikuwa naona umepoa na yeye anasema bado. Hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa anatumbukiza kiwiko, anakaa kimya, anasema bado. Nusu saa nyingine, kiwiko, bado. Sasa najua kwa nini, ukimwaga uji wa moto kwenye maji ya ndizi yaliyochacha unaua chachu yote na kazi ya wiki nzima imeisha hapo, ila yeye hakuwahi kuniambia neno chachu, alisema tu pombe inalala.

Kesho yake wateja wanaanza kuja. Wazee wanakaa kwenye magogo, wengine wametembea kutoka mbali na wana kiu. Bibi anachota kata moja, anaonja yeye kwanza. Kwetu mwenye pombe ndo anaonja kwanza kabla mgeni hajapewa, watu wanasema ni kuonyesha haina sumu, lakini kwa bibi ilikuwa zaidi ya hapo, alikuwa anafanya kazi. Nimemuona kwa macho yangu, Jumapili, watu zaidi ya ishirini wanasubiri, kaonja, kafunika pipa kwa majani ya mgomba, kawaambia, "Bado. Rudini jioni." Mzee mmoja akaanza kulalamika, kwamba yeye ametoka mbali, ampe hivyohivyo atakunywa. Bibi akakataa. Hela ilikuwepo pale, ada yangu ya shule ilikuwa inatoka kwenye lile pipa, akakataa.

Narudi Nairobi. Jamaa yangu nikamwambia onja tena polepole, inanuka siagi hii. Akanusa akasema, "Iko tu sawa, si hivyo ndo inafaa kuwa?" Na hapo ndo niliumia zaidi, kwa sababu yeye hajawahi kunywa mbege maisha yake, hii ndo ya kwanza kusikia kitu cha Kilimanjaro, na keshokutwa atamwambia mwingine kwamba pombe ya Wachaga ladha yake ni Blue Band na pipi. Watu wangapi walikunywa siku ile wakaondoka na hilo?

Nikamwita dada aliyetuhudumia, nikamuuliza kwa upole naweza kuongea na anayepika bia. Najua wengi wetu hatufanyagi hivi. Tukipewa kitu kibaya tunakinywa, tunalipa, tunaondoka tunasema njiani. Kurudisha bia kaunta unaonekana unajidai. Mi naona ni kumnyima mtu nafasi ya kujua.

Akaja kijana, umri wake hauzidi thelathini, ana gambuti miguuni na mikono imelowa. Nikamwambia kaka, mi ni mtu wa Marangu, nimekuja kwa ajili ya hii bia yako peke yake, na nasikia siagi nyingi sana, unaisikia? Hakubisha. Kwanza kabisa nilichotaka kujua ni kama shida ni mpira wa bomba, ule unaoleta bia kutoka kwenye tanki, kwa sababu mipira isiposafishwa vizuri kila wiki mbili hivi inaota bakteria, na kuna bakteria wanatoa siagi hiyohiyo pamoja na uchachu. Kwa Kenya kitu hiki kinatakiwa kijulikane na kila mtu, kegi, yale mapipa ya bia ya Senator, zimejaa mitaani tangu 2004, watu wamezoea kunywa kutoka kwenye bomba. Akaenda akachota glasi moja moja kwa moja kwenye tanki, akaniletea. Tukanusa wote wawili. Ileile. Kwa hiyo mpira hauna kosa, bia imetoka kwenye tanki ikiwa hivyo.

Kwa wasiojua niwaeleze, maana ni kitu kizuri kukijua. Chachu ikiwa inakula sukari inatoa pombe na gesi, ila njiani inaacha na vitu vingine vingi, na kimojawapo kinakuja kugeuka diasetili. Hiyo ndo harufu ya siagi, na ndo hiyohiyo viwanda vingi vilikuwa vinaitia kwenye bisi za maikrowevu ili zinukie siagi. Kwenye bia nyepesi kama laga ulimi wa mtu unaanza kuisikia hata ikiwa sehemu moja tu kwa milioni kumi, hamna mahali pa kujificha. Uzuri wa chachu ni kwamba ukiipa muda inarudi yenyewe kuokota ilichoacha, inaichukua ile diasetili inaigeuza kitu ambacho ulimi hausikii kabisa. Kwenye laga watu wanaacha joto la tanki lipande mwishoni, nyuzi 18 mpaka 20 hivi, siku mbili tatu, chachu imalize kazi, ndo wanaipoza. Ukiwahi kuipoza chachu inalala, inazama chini, na siagi inabaki na mnywaji.

Inalala. Neno la bibi lilelile.

Na kuna namna ya kupima isiyohitaji maabara. Unachota bia glasi mbili, unazifunika. Moja unaiweka ndani ya maji ya moto, nyuzi 60 mpaka 70, dakika ishirini hivi, halafu unaipoza iwe sawa na mwenzake. Unanusa zote. Zisiponuka siagi, bia iko tayari. Ikinuka ile iliyopashwa moto peke yake, ujue siagi bado iko njiani, itakuja kutokea hata kama leo huisikii. Zikinuka zote mbili, subiri. Glasi mbili na sufuria la maji ya moto, basi.

Nikamuuliza ulipima? Akatazama chini, akasema, "Boss, nikwambie tu ukweli. Nilipima. Zote zilinuka." Akasema aliomba siku nne, mwenye sehemu akamwambia ubao umeshaandikwa, picha zimeshasambaa, wikendi kuna mechi kubwa, atoe. Tanki likashushwa baridi Jumatano usiku.

Sikuwa na la kumwambia kwa muda. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta mtu asiyejua, nimfundishe labda, kumbe anajua kuliko mimi. Tuliongea karibu saa nzima, akanieleza hata mambo ya hapa Nairobi ambayo sikuwahi kuyawaza, kwamba huku juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo inabidi achemshe muda mrefu zaidi kuliko vitabu vinavyosema, la sivyo kimea kinaacha harufu ya mahindi ya kuchemsha na hopsi hazitoi uchungu wake wote. Mtu anayefikiria hivyo siyo mvivu. Ulezi alisema aliweka kidogo sana kwa sababu unga wake unaziba chujio, nikamwambia bibi alikuwa anaupika uji kando kwanza, akatoa simu akaandika.

Hasira yangu iko kwa yule aliyesema toa. Kuna kitu kinanikera kwenye haya mambo ya krafti, tunakaa tunawasema viwanda vikubwa kwamba bia zao hazina roho, sawa, mi mwenyewe nimesema. Lakini Kenya Breweries wapo tangu 1922 na Tusker ukinywa Kisumu, ukinywa Mombasa, ni ileile, kuna mtu ana mamlaka ya kuzuia tanki lisitoke. Mdogo ndo anatakiwa awe na uangalifu zaidi maana anapika tanki moja na anauza kwa zaidi ya mara mbili ya bei. Kama hana muda wa kusubiri siku nne namlipa 550 ya nini? Na kama umeandika neno heshima kwenye ubao, heshima ya pombe ya Kilimanjaro iko kwenye kusubiri. Ndizi kila mtu anazo.

Jamaa yangu alikuwa anasikiliza tu muda wote huo, mpira umeisha. Akasema shosho yake, yaani bibi yake, alikuwa anapika muratina kule Nyeri, pombe ya asali, kuna tunda linakaushwa, linatumika kuchachusha asali, na likitoka linakaushwa tena kwa ajili ya pombe nyingine, kwamba chachu inalala humo ndani. Akasema shosho alikuwa hamruhusu mtoto alishike. Halafu akainusa glasi yake tena, safari hii kwa kuzuia pumzi kidogo, akasema, "Enyewe ni Blue Band." Akaisukuma pembeni.

Tulilipa zote mbili. Kijana alitaka kutufutia bili nikakataa, ingekatwa kwenye mshahara wake.

Kabla hatujaondoka aliniuliza kuhusu msesewe, anaweza kuupata wapi. Jumapili nikampigia shangazi, bado anapika kidogo pale Marangu kwa ajili ya majirani. Shangazi akasema gome linabanduliwa upande mmoja tu wa mti, ukizungusha mti wote unakufa, na kwamba hatatuma kwa basi kitu ambacho mtu hajui kukitumia, huyo kijana aje mwenyewe alale siku tano aone tangu ndizi zinamenywa. Chakula na pa kulala vipo. Nikamtumia kijana ujumbe na namba ya shangazi, na nauli ya basi la Nairobi kwenda Moshi nikamwambia tutachanga mimi na jamaa yangu. Tiki ni za bluu tangu Jumatatu, hajajibu.